Kibali cha Mjomba

Jumatatu

Na bado haijauzwa. Wiki ya tatu baiskeli ipo pale pale mbele ya duka, na mtu wa kuuliza bei bila kunitukana sijamwona.

Wanapiga kengele, wanabonyeza matairi, wanazungusha gurudumu waone taa ya dainamo ikiwaka. Nikitaja bei, mimi ni mlanguzi. Kana kwamba huko Malawi nilikoinunua nilipewa bure!

Leo kaja mjomba aliyenilea, kwa miguu kutoka Katumba Songwe, na furushi la chumvi aliyonunua njiani. "Ugonile, mpwa wangu," akasalimia, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa: kibali chake cha kununua baiskeli duka la ushirika, cha miaka minane iliyopita. Anataka nimuuzie kwa bei iliyoandikwa humo.

"Mjomba, hiyo bei haipo tena."

"Ina muhuri."

"Na baiskeli yenyewe walikupa?"

"Walisema nisubiri."

Nimemfokea, nakiri. Mbele ya wateja. Yeye akakunja kibali taratibu, akasema, "Sikukulea uje kuwa mwizi," akabeba furushi lake la chumvi begani, akaondoka kwa miguu.

Waliomsubirisha miaka minane hajawaita wezi hata siku moja.