Laini ya Kuongea na Nekesa

Jumatatu, 7 Julai

Nimetoka shambani mikono inawasha. Kazi ya kung'oa mbelewele za mahindi ya mbegu kule Endebess si nzito, lakini majani yanakata na umande unakulowesha mpaka kifuani. Kifua changu hakikuhitaji umande. Maziwa yamejaa tangu juzi, Nekesa alipopelekwa Bungoma kwa nyanya yake kuachishwa kunyonya. Chebet, tunayefanya naye mstari mmoja, amenifunga leso kifuani nyuma ya trekta. Ati nikamue kidogo tu. Nikikamua sana yatarudi kwa fujo.

Kwao Wafula, mume wangu, ndivyo wanavyofanya. Mtoto akifika umri anaenda kwa nyanya, mama haonekani mwezi mzima, mtoto akirudi ameshasahau ziwa. Nilikubali. Mtoto ni mkubwa sasa, na shambani hawataki watoto. Lakini nilisema wazi mbele ya Wafula na mama yake kwamba kila jioni nitaongea na mtoto wangu kwa simu. Hakuna aliyekataa.

Shida ni laini yangu. Inameza vocha. Naweka, nasema hujambo, imekatika. Kesho naenda kwa wale wauza laini wa mwavuli.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata laini mpya. Dada wa mwavuli pale karibu na steji anaitwa Mercy, ana rasta nyekundu na mdomo mtamu. Amenionyesha bando ya siku, ya wiki na ya mwezi. Ya mwezi ndiyo nimechukua. Dakika hazihesabiwi, unaongea mpaka uchoke. Nikamuuliza kama nitaongea na Bungoma. Akasema Bungoma, Mombasa, popote. Nikamuuliza tena. Akacheka, akaniambia nitulize roho.

Ilikuwa pesa ya kununulia gambuti za shambani. Basi nitalowa miguu, sitakufa.

Nimerudi nyumbani hapa Kipsongo nikitabasamu peke yangu njiani. Nimempangia Nekesa maneno. Nitamwuliza kuhusu kuku. Anaita kuku "tutu". Mimi tu na baba yake tunaelewa.

Jumatano, 9 Julai

Salio halitoshi. Salio halitoshi. Salio halitoshi.

Nimejaribu mpaka simu ikawa moto. Wafula akaisoma ile meseji akasema dakika ni za laini ya kampuni hiyo hiyo peke yake. Mama yake yuko kampuni nyingine. Kama wote tunavyojua yuko kampuni nyingine. Na hakuna mtu aliniuliza.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeenda na matope yangu miguuni moja kwa moja kwa Mercy. Akatoa karatasi akanionyesha maandishi ya chini, madogo kama mayai ya chawa. Nikamwambia mimi nilimwuliza yeye, sikuuliza karatasi.

"Uliuliza Bungoma, mamaa. Hukuuliza laini."

Hivyo tu. Bila aibu. Kwani mimi ndiye ninayevaa hiyo jaketi ya kampuni? Mtu anauza kitu anachokijua, anakuangalia hujui, ananyamaza. Mimi sikusoma sana, lakini hiyo si elimu. Hiyo ni roho mbaya.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anangoja akasema si nimnunulie pia nyanya laini ya kampuni hiyo, yake haihitaji bando, atapokea tu. Mercy akasema ndiyo, laini yenyewe bei ni ya chai. Kumbe dawa ilikuwepo tangu Jumanne. Nimeinunua, Wafula ameisajili kwa kitambulisho chake. Anaipeleka Jumamosi, mama mkwe ana simu ya kabambe inayoingia laini mbili.

Jumapili, 13 Julai

Wafula amerudi. Ameiweka laini, imeshika mtandao. Nekesa anakula ugali kwa maziwa ya ng'ombe, ameota jino la nyuma, anafuata kuku siku nzima. Alinieleza hayo yote akivua viatu, hakuniangalia hata mara moja. Nilidhani amechoka.

Nimepiga. Mteja hapatikani. Wafula akasema ni mtandao, huko kwao kuna bonde.

Jumatatu, 14 Julai

Hapatikani.

Jumanne, 15 Julai

Hapatikani. Huyo mwanamke wa kwenye simu nimemchukia kabisa. Anaongea polepole kama mtu aliyeshiba. Mpigie baadaye. Baadaye gani? Mtoto analala mapema.

Maziwa bado. Leo msimamizi ameniuliza kwa nini najishika kifua, nikasema kikohozi.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudi kwa mwavuli. Mercy aliponiona akashika kiuno.

"Mama Nekesa, leo ni nini tena?"

Nikamwambia leo ni ile ile, kwamba wameniuzia mtandao usiofika. Nilisema kwa sauti. Watu wakasimama. Mwenye bodaboda mmoja akasema bana huyu dada arudishiwe pesa, mwingine akasema hizo kampuni zote ni wezi. Nilifurahi kuungwa mkono.  Mercy alichukua simu yangu, akapiga mwenyewe, akaweka sauti kubwa.

Ikaita.

Ikaita mara kadhaa, ikakatwa. Akapiga tena. Hapatikani.

Akanirudishia simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya huruma.

"Mtandao uko. Hiyo imekatwa na mtu."

Sikumwambia pole. Nilitoka tu.

Nyumbani nimemwuliza Wafula. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mwishowe akasema mama yake alikataa tangu siku ya kwanza. Ati mtoto akisikia sauti yangu atadai ziwa upya, kazi yote iharibike. Ati walinyamaza kwa sababu walijua nitalia. Laini ikaingizwa kwenye simu, na kila jioni kabla sijapiga anaizima.

"Nilidhani utachoka kupiga," akasema.

Nichoke. Mimi. Nimelowa miguu wiki nzima, nimegombana na mtoto wa watu mbele ya steji nzima, na mtu ninayelala naye alijua. Aliibeba ile laini mwenyewe mfukoni mpaka Bungoma. Nimemhamishia blanketi lake upande ule wa chumba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefanya kitu. Wakati wa chakula nimeomba simu ya Chebet, namba ambayo mama mkwe haijui. Mama mkwe alishika mara moja. Akaitika vizuri, kwa adabu, kama mtu anayepokea mgeni. Na nyuma yake nikamsikia Nekesa. Anaimba imba tu, hakuna maneno.

Nikamwita. Nilipaza sauti nikamwita jina lake.

Wimbo ukakatika. Halafu akasema, "Mama." Halafu tena, karibu na simu, akiuliza, "Mama?" Halafu akaanza kulia. Si kulia kwa kudeka. Mama mkwe hakunitukana. Nilimsikia akisema kwa Kibukusu njoo, njoo, njoo, na simu ikakatika.

Maziwa yalitoka yote. Leso, blauzi, mpaka sketi. Chebet alichukua simu yake, akanivalisha sweta yake.

Ijumaa, 18 Julai

Wafula amepigiwa na mama yake. Mtoto alinitafuta nyuma ya mlango. Akageuza simu, akatafuta nyuma yake. Alikataa uji. Alilala kwa kuchoka kulia.

Ni mimi nilifanya hivyo.

Na bado nina hasira. Walikuwa sawa, na walinidanganya. Yote mawili ni kweli na hakuna moja linalofuta jingine. Nimemwambia Wafula amwambie mama yake maneno yangu bila kupunguza, kwamba ningeambiwa ningevumilia. Ningeumia lakini ningevumilia. Mimi ndiye mama yake, si mtu wa kuzimiwa simu.

Alipiga mbele yangu. Aliyasema yote. 

Jumapili, 20 Julai

Jioni simu imeita. Laini mpya. Namba ya mama mkwe.

"Mama Nekesa. Ulisema kweli, tungekwambia. Sasa usiongee. Sikiliza tu. Nikikata, nipigie wewe mwenye dakika, nitaweka simu hapa kwenye jiwe."

Nikapiga. Nikaziba mdomo kwa mkono.

Nekesa alikuwa analisha kuku. Nilisikia mahindi yakimwagika kwenye bati, na yeye akiwagombeza. Tutu, toka. Tutu, njoo. Akapiga chafya. Nyanya akamwuliza kitu, akajibu "hapana" kwa kiburi chake chote. Wafula alikuja akakaa karibu, tukasikiliza wote wawili kwa sikio moja moja. Nikarudisha blanketi lake karibu na langu.

Kifua kililowa tena, lakini kidogo.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepita kwa Mercy kumwambia pole. Akasema ameshasahau, halafu akanikumbusha maneno yote niliyomtukana, moja moja. Tukacheka. Nikamwambia lakini yale maandishi madogo bado ni wizi. Akasema yeye pia hayasomi.

Akaniuliza kama mwezi ukiisha nitachukua nyingine. Nikasema Nekesa anarudi mwanzo wa Agosti. Halafu nikafikiria nyanya atakavyobaki na wale kuku peke yake. Nikasema nitachukua ile ile. Nitaweka simu karibu na mtoto hapa, nyanya asikilize huko.

Jumapili, 27 Julai

Mvua. Nimefua, nimekaa mlangoni na simu sikioni. Huko Bungoma pia inanyesha, naisikia kwenye mabati yao. Nekesa yuko ndani anaongea na kuku aliyeingizwa ndani kwa ajili ya baridi.

Amesema "kuku". Vizuri kabisa, kama mtu mzima. Sijui ameanza lini.

Nilikaa hivyo mpaka akalala. Nikagusa blauzi. Kavu.