Benki Yako ya Nyuki

Baba yangu mpendwa,

Nina hasira na wewe, na kaburi lisikuzuie kusikia.

Tumbaku ikishalipwa, wenzako wa Inyonga walipanda basi kwenda Mpanda kunywa mpaka nauli ya kurudi. Wewe ulirudi na sukari, chumvi na kitenge cha mama. Ulinifundisha kutenga akiba kwanza, matumizi baadaye. Ulinikataza kuuza mahindi yote wakati wa mavuno, malori ya walanguzi yakiwa yamejaa na bei iko chini. "Utayanunua hayohayo Januari kwa bei ya kulia," ulisema. Nimeyashika yote, na kibanda changu cha mchele hapa Mpanda kimesimama kwa maneno yako.

Lakini akiba yenyewe ukaificha kwenye mzinga, juu ya mti, porini! Nyuki ndio walinde noti. Mama alipouliza ni mti gani, ulicheka. "Mwanamke hafichi siri. Nyuki hawana mdomo."

Kweli, hawana. Ulipoanguka shambani ukafa bila kuaga, hawakutuambia kitu.

Tulizunguka msituni na moshi, mzinga baada ya mzinga. Mama alirudi uso umevimba, macho yamefumba, mjane wa majuzi ameumwa na walinzi wako. Tulipoupata, mzinga ulikuwa chini, mchwa wameshamaliza. Noti ziligeuka vumbi mkononi mwangu. Ile ilikuwa ada ya Devota, kitinda mimba wako. Akaacha chuo cha uuguzi, akarudi kuchuma tumbaku ya watu. Ungemwona alivyokunja sare yake ya chuo siku ile, ungelia.

Sikasirikii umaskini, baba, maana jasho lako nalijua. Nakasirika kwamba ulimwamini mdudu kuliko mwanamke aliyekupikia maisha yako yote. Akiba anayoijua mtu mmoja huzikwa naye.

Sasa mama yuko kwenye kikoba cha wanawake pale Inyonga. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mwaka huu wakivunja kikoba na kugawana akiba, Devota anarudi chuoni. Siku ya kuchagua washika funguo, wote walimtaja mama kwanza. Akashangaa, akauliza kwa nini yeye.

"Mama Sofia," wakamwambia, "wewe siri ikiingia haitoki."

Pumzika, baba. Hasira yangu bado haijapumzika.

Binti yako wa kwanza,
Sofia