Otaviano na Akuzalishe

Jandira mpenzi,

Tapioka yako, ile chapati ya muhogo, nimeifunika. Usiongeze chumvi! Lala, mimi niko kwa kaka yako naazima gari.

Asubuhi mkunga wetu wa nyumba ya uzazi alipokupima akasema presha imepanda, ukajifungulie kwenye kitengo cha uzazi cha hospitali, nilinuna. Ukaniuliza, "Genivaldo, unachoogopa ni hospitali au ni Otaviano?" Nikasema hospitali. ~~Ndiyo ukweli.~~ Uongo. Ile nyumba ya uzazi niliisifia utulivu kwa sababu Otaviano, daktari wa hospitalini, aliwahi kukuchumbia, na nywele zake bado zote zipo.

Presha haina mzaha. Tunakwenda. Akikuzalisha salama nitamshukuru. Ila akikuita "Jandi" mbele yangu, mtoto atamkuta babake polisi.

Mumeo, baba mtarajiwa