Kielelezo cha Kola

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila cherehani inakata uzi kila dakika na gauni lako bado sijalipiga pasi.

Umeulizia shule ya binti yangu Kikokotoo, anayejumlisha vipimo vya wateja kichwani kabla sijashika kalamu. Mwalimu wake alimtafutia nafasi ya mtihani wa shule ya watoto wenye vipaji, ya bure kabisa, akaniletea fomu nijaze. Unanijua mimi na karatasi ngumu. Kwa haraka ya sare za watu, niliishika bila kuiangalia, nikaikata kielelezo cha kola, cha kuwekea juu ya kitambaa ninapokata. Nilipokuja kushtuka, siku ya mwisho imeshapita. Mwalimu alikwenda kuniombea, ofisi ikakataa.

Mtoto nilimwambia hakuchaguliwa. Akasema, "Basi nitaongeza bidii, mama." Tangu hapo hata kucheza nje ameacha.

Jana nilimtuma aniletee vielelezo kwenye boksi. Akasimama na kile cha kola, anasoma palipoandikwa "Jina la mtoto", mbele yake patupu. Nikangoja alie. Akakilaza juu ya kitambaa, akakishikilia kwa vidole viwili.

"Kata, mama."

Dada, mkono umekataa.

Ni mimi,
mdogo wako