Wa Kukanyaga na wa Kuvuta

Mpendwa Mama Kabula,

Mwangaluka. Nakupa salamu ya asubuhi ingawa jua limeshafika utosini, maana hukuwahi kupokea salamu ya mchana kutoka kwa mtu uliyeshuku kwamba amechelewa kuamka. Leo nimewahi. Waulize kuku.

Nimekaa chini, mgongo kwenye gurudumu la gari lako, mikono myeusi hadi viwikoni. Nasema gari lako kwa makusudi. Hapa Bariadi bado wanaliita gari la Baba Kabula. Wakilisifu, mimi kimya. Likigoma kuwaka mbele ya watu, hapo ndipo ninapowasahihisha.

Nisikuzungushe. Binti yako amechaguliwa chuo cha ualimu, Tabora. Treni yake anaipandia Malampaka, kesho. Basi halina dizeli, na malori ya pamba yamejipanga nje ya kiwanda yakiisubiri dizeli hiyo hiyo. Nawe, kabla hujatuacha, ulimwambia mtoto nami nikisikia: "Siku ukifaulu, utatoka hapa kwa gari la mama yako, siyo juu ya marobota." Ungeahidi doti ya kanga ningeshamaliza kazi. Uliahidi gari.

Unakumbuka lilivyokuja? Yule meneja mgeni wa kiwanda cha pamba alipofungasha kurudi kwao, kiwanda kikiwa kimeshakuwa mali ya umma, mkewe alikuja kukuaga. Ulikuwa umemshonea magauni miaka yote. Akakuachia mkononi ufunguo na kadi ya gari. Mimi karani wa stoo, niliyemfungulia mumewe mlango kila asubuhi, nilipewa kofia. Gari lenyewe viti viwili, pua ndefu, paa la turubai, tumbo linakwangua ardhi kama kenge. Gari la mashindano, katika barabara ambayo hata punda hushindana nayo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alilizunguka, mikono nyuma. "Mama Kabula," akasema, "nchi yetu ni ya ujamaa. Gari la watu wawili hili, wengine wakae wapi?"

Ukamjibu bila kuacha kukanyaga charahani: "Wengine ndio wa kusukuma, balozi. Ujamaa ni kazi."

Alicheka mpaka akasukuma. Na tangu siku ile hakuna aliyewahi kuuliza tena, kwa kuogopa kupewa kazi.

Lakini pedeli ya mafuta, Mama Kabula. Pedeli ile. Tangu mwanzo ilikuwa nzito, na ukishaikanyaga ikashuka, ilikuwa haina haraka ya kurudi juu. Wewe ndiwe uliyeleta dawa. Kwako mafuta ya pamba yalikuwa yanafaa kwa kila kitu: maandazi, miguu ya mtoto, bawaba za mlango. Ukayamimina na kwenye waya wa pedeli. Ikalainika siku hiyo, ikakaza wiki iliyofuata, ukaongeza. Ikakaza zaidi, ukaongeza zaidi. Ukiulizwa unasema, "Halijashiba."

Liliposhindikana kushiba, ukachana kipande cha kitenge, ukakifunga kwenye shina la pedeli, ukakipitisha kando ya gia hadi mapajani pako. Ndivyo tulivyoendesha. Mimi nakanyaga, wewe unavuta. Kwenda Nkoma kwa wazazi wako, kwenda Lamadi kufuata samaki, watu wa barabarani wakisikia mtu na mkewe wanapiga kelele ndani ya turubai: "Kanyaga!" "Vuta!" "Nimevuta!" "Vuta tena!" Mama yako alituuliza kama tunagombana. Ukamwambia hapana mayu, tunasafiri.

Tangu tukuzike, pamba imevunwa mara mbili. Gari lilikaa bandani, kuku wakalipanga bila kodi. Wiki iliyopita nikalitoa kulijaribu, peke yangu. Kwenye kona ya kituo cha kununulia pamba nikakanyaga, pedeli ikazama, ikabaki huko huko. Mimi, kwa akili zangu zote, sikuzima ufunguo. Nilisema, "Vuta."

Nilisema kwa sauti, nikangoja.

Nilipozinduka kwenye mawazo nilikuwa ndani ya lundo la pamba, mweupe hadi masikioni, na mpima mizani amesimama juu yangu. "Baba Kabula," akasema, "hii ilikuwa pamba safi. Umeshaifanya fifi." Nikakaa naye jua zima tukichambua safi upande huu, fifi, ile iliyochafuka, upande ule, wakulima wakipita na kunipa pole ya kicheko.

Ndiyo maana tangu jana nimelala chini ya gari. Kabula aliniambia niache, ataomba nafasi kwenye baiskeli ya mtu hadi Maswa, alale Binza kwa shangazi yake, mbele Mungu atajua. Nikamwambia Mungu anajua tangu leo, yeye aniletee spana. Ana kichwa kigumu. Sijui amekitoa wapi, kwetu wote ni wapole.

Leo asubuhi akaja Salumu wa dukani, jirani yetu yule yule, bado anatembea kana kwamba duka litamkimbia. Akainama, akakiona kile kipande cha kitenge kinaning'inia.

"Sasa unahangaika nini? Binti si atavuta? Alimwona mama yake."

"Atavuta," nikasema.

"Basi mmefika."

"Kwenda, tumefika. Na kurudi, Salumu?"

Aliinuka, akajikung'uta magoti. Akaondoka, akarudi na chupa ya mafuta ya taa ameificha kwenye kanzu, na unajua siku hizi mafuta ya taa yalivyo adimu. "Usiseme nimekupa," akasema. "Useme umeiba. Itanilindia heshima."

Basi nikauchomoa waya wote, kutoka kwenye kabureta hadi kwenye pedeli. Ulikataa kutoka. Niliuvuta, nikaunyonganyonga, nikausemesha kwa Kiswahili, ukakataa, nikahamia Kisukuma. Ulipotoka nikaona shiba yako. Mafuta ya pamba yameganda kuzunguka waya kama ulimbo wa kutegea ndege, ya kahawia, yamekamata vumbi la barabara zote tulizopita na nyuzi za pamba za kiwandani. Kila ulipolilisha ulikuwa unalifunga kamba, mke wangu. Nilicheka peke yangu chini ya gari. Halafu nikakaa na kitambaa mkononi, maana ulimbo ule ulimwagwa na mkono wako, na mimi ndiye wa kuufuta.

Nikaufuta. Nimeuloweka waya kwenye mafuta ya taa, nikaupitisha ndani ya ala yake mbele na nyuma mpaka weusi ukaacha kutoka. Pini ya pedeli ilikuwa na kutu, nikaisugua kwa msasa. Kisha nikatafuta mafuta ya kuupaka, dukani hakuna, kiwandani hakuna. Nikaifungua droo ya charahani yako. Ndani kuna kile kikopo chako kidogo chenye mdomo mrefu. Ninaye mwanamke wa namna gani: charahani unaipa mafuta yake halali, gari unalilisha ya maandazi! Tone kwa tone yakaingia yote. Nimerudisha waya, nimekanyaga kwa mkono. Imeshuka. Imerudi. Nimekanyaga tena. Imerudi kabla sijainua kidole.

Kesho alfajiri tunaondoka. Mawingu yapo upande wa Itilima, na udongo wetu mweusi ukishalowa hauna huruma na tumbo la gari hili. Tutaondoka tu.

Naendelea hapa Malampaka, kwenye kivuli cha stesheni. Tumefika. Sanduku la Kabula ni la bati, na kufuli lake lilikatika njiani kwa mitikisiko, basi nilikifungua kipande chako cha kitenge kwenye pedeli, nikamfungia nacho, mafundo mawili. Aliuliza, "Baba, na wewe?" Nikamwambia asichelewe treni. Ameondoka amekaa dirishani, mkono mmoja unanipungia, mwingine umeshika fundo.

Mvua imeanza kudondoka huko nilikotoka. Injini imeshapoa. Kiti chako nimekiwekea kofia ya meneja ili kisilowe, kazi yake ya kwanza tangu nipewe.

Wabeja, nakushukuru, Mama Kabula. Kaa vizuri huko, na usimlishe mtu mafuta ya pamba. Mimi naingia sasa, nakanyaga.

Mumeo wa kukanyaga,
Baba Kabula