Zege Langu na Mbao za Mama Neema

Jumamosi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika wote. Na mimi nina hasira. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, lakini naandika.

Hakuna mtu hapa kijijini aliyejenga kama mimi. Msingi wa mawe, bloku nilizofyatua mwenyewe, nondo mpaka fundi akaniuliza, "Mzee, kwani unajenga daraja?" Chini nimeweka tailizi zinazong'aa mpaka unaona kidevu chako. Mimi huyu wa darasa la pili! Waliosoma wapite barabarani waangalie.

Sasa mke wangu amehama.

Hajaenda kwao. Amerudi hapo ng'ambo ya uwanja, kwenye kile kibanda cha mbao tulichoanzia maisha, nilichopanga kukibomoa. Anasema baridi ya zege inamnyonya magoti. Alijaribu kulala kwangu na soksi mbili mbili, halafu asubuhi moja akabeba blanketi lake, kwaheri.

"Baba Neema, hiyo nyumba ni nzuri ya kuangalia." Ndivyo alivyoniambia. Ya kuangalia!

Nikampigia Neema, binti yetu aliyeolewa Norwei, amkanye mama yake. Naye akacheka. "Baba, huku theluji inafika dirishani na sisi tunaishi kwenye mbao, majirani wote mbao." Nikamwambia apunguze sauti. Nimelitangazia kanisa zima kwamba mwanangu yuko Ulaya, kumbe analala kwenye mbao kama kuku!

Leo ndiyo imenimaliza kabisa.

Wazee wa kanisa wamekuja kuibariki nyumba. Wameomba wamesimama, makoti hawakuvua, sala fupi hivyo sijawahi kuisikia kwa watu wale. Amina haijakauka mdomoni, wote wakamfuata Mama Neema kule kibandani kunywa chai. Vicheko vyao nimevisikia nikiwa kwenye sofa langu, ambalo bado lina nailoni. Sikwenda. Nifuate chai kibandani na sebule ninayo? Mke wangu akaniletea kikombe. Kuvuka uwanja tu, chai imepoa. Akanitazama, akarudi kwa wageni.

Afadhali angenigombeza.

Basi nimeamua. Jumatatu nashuka mjini kuchukua mbao za sipresi, nizitandaze chumbani juu ya tailizi, nipigilie na kwenye kuta. Chini nitaweka kapeti, ukutani mapazia, mtu asijue. Kwa nje itabaki bloku. Wewe unayesoma huku, funga mdomo.

Sijasema nimekosea, tuelewane. Zege ni zege.

Ila akikataa kurudi hata hapo, nitafanyaje? Kitanda cha kule kibandani ni chembamba sana.

Lakini tulikuwa tunatosha.