Kibao cha Bawa la Kushoto

Matiliku, 3 Februari 2025

Mwanangu Kavata,

Leo ni miaka thelathini na tisa tangu niondoke Mutomo. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Wewe na baba yako, kaka yangu Nzioka, hamjambo?

Barua yako imenitia baridi. Mwalimu wa fizikia kama wewe anaweza kufundisha bila kurusha ndege ya rimoti. Lakini kama yako inaanguka kwa pua, usilaumu upepo. Inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa, theluthi moja ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Pua ikishuka, sogeza betri nyuma kidogo.

Baba yako asikaribie. Jicho alilobakiwa nalo ni moja.

Baba yako mdogo,
Mulinge

Mutomo, 11 Februari

Baba Mdogo,

Salamu nyingi. Sisi tuko sawa, mbuzi tu ndio wanakohoa.

Betri nimesogeza, sasa inapaa vizuri. Shida ni kwamba nikiiambia kushoto inaenda kulia! Jana ilimfuata jirani yetu Kathini mpaka akalala chini shambani katikati ya ndengu zake. Akaniambia, "Wewe Kavata, kama ni shamba langu unataka, si uniulize tu?"

Baba alicheka sana. Anasema hata ndege yako siku ile ni upepo ulioisukuma ikamtoboa jicho, haikuwa kosa la mtu. Jumamosi anataka kuirusha mwenyewe.

Binti yako,
Kavata

Matiliku, 13 Februari

Kavata,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Nimempa dereva wa basi barua hii ifike kabla ya Jumamosi.

Usirushe. Simama nyuma ya ndege, mkia ukikuelekea. Sukuma kijiti cha rimoti kushoto. Kile kibao kinachocheza nyuma ya bawa la kushoto lazima kiinuke. Kikishuka, mwelekeo umegeuzwa. Kuna swichi ya kuurekebisha kwenye rimoti. Nadhani uliikagua ukiwa mbele yake, kama mtu anayesalimiana na mwenzake, ukaona iko sawa.

Ukague mara tatu. Naogopa, mwanangu.

Baba yako mdogo,
Mulinge

Mutomo, 16 Februari

Baba Mdogo,

Habari ya huko? Ilikuwa vile ulivyosema, kibao kilikuwa kinashuka. Baba ameirusha dakika nne nzima, ulimi nje kama mtoto, na ikatua kwenye mabua bila kuvunjika.

Halafu akauliza, "Mulinge amejuaje na hajaiona?" Nikamsomea barua yako. Akasema, "Mwandikie aje. Aniambie mwenyewe kama ulikuwa upepo."

Utakuja lini?

Binti yako,
Kavata

Matiliku, 2 Aprili

Mwanangu Kavata,

Natumaini mvua imewafikia. Barua hii nimeianza mara sita.

Msomee baba yako, usiruke neno. Hapakuwa na upepo. Watu walikuwa wametoka kanisani, wamejaa uwanjani wakiingojea ndege niliyoachiwa na mmishonari. Nilisukuma kijiti kushoto, nikaona kibao kinashuka. Nilijua. Niliona haya kuwaambia wangoje. Nikajiambia nitakumbuka kugeuza mkono ndege ikiwa hewani, nikamweka Nzioka asimame kushoto awe alama yangu.

Ilipinda kuelekea kwake. Nikasukuma kijiti kulia, ikazidi kumfuata. Nikasukuma zaidi.

Mwezi uliopita nilipanda gari nije huko Mutomo, nikafika Kitui mjini, nikakaa stendi saa mbili, kisha nikapanda la kurudi huku. Naliogopa lile jicho lililobaki, litakavyonitazama. Sitarudi.

Baba yako mdogo,
Mulinge